Shajara ya mradi: kupanua huduma ya uthibitishaji wa miamala, Moshi, 2024

Shajara hii ni kwa mafundi wenzetu wanaojenga mifumo ya kuingia na kuidhinisha malipo. Yaliyokwenda vizuri nimeyapitia juujuu. Yaliyotusumbua nimeyaandika kwa kirefu, ili mwingine asilipe ada tuliyolipa sisi.

19 Februari 2024: hali tuliyoikuta

Mfumo ni wa chama cha akiba na mikopo hapa Moshi, wanachama kama elfu tisa: wakulima wa kahawa wa Kibosho, Uru na Machame, pamoja na wafanyabiashara wa Mbuyuni na Kiboriloni. Wenye simu janja wanatumia programu, wenye kitochi wanapiga nyota na reli. Kote kuwili mtu anaingia kwa namba ya siri ya tarakimu nne, akishaingia anaangalia salio, anahamisha fedha au analipa mkopo.

Siku za kawaida hakuna neno. Shughuli iko siku ya malipo ya kahawa. Ofisi ikishatuma meseji kwamba malipo yameingia, kila mtu anashika simu dakika ileile. Msimu uliopita watu waliona duara linazunguka tu, wakabonyeza tena na tena, na wengine wakapanda daladala kuja ofisini kuuliza fedha zao zimeliwa na nani.

Hesabu yake ni fupi. Namba za siri zimehifadhiwa kwa bcrypt, njia ya kuifumba namba isisomeke tena, kwa kiwango cha uzito (wenyewe wanakiita gharama) cha 12. Niels Provos na David Mazières waliitangaza bcrypt mwaka 1999 wakiwa wameikusudia iwe nzito, na kila ukipandisha gharama kwa 1 kazi inakuwa maradufu. Kwenye seva yetu, iliyokodiwa Ulaya, kukagua namba moja kunakula robo sekunde ya kiini kimoja cha prosesa. Viini ni vinne, kwa hiyo watu 16 kwa sekunde, basi. Wakija elfu tatu kwa mpigo, wa mwisho anangoja zaidi ya dakika tatu, na hapo hakuna aliyebonyeza mara mbili. Kumbe programu yenyewe ilikuwa ikifika sekunde 30 bila jibu inatuma ombi jipya papo hapo. Seva ikawa inatoka jasho kukagua maombi ya watu walioshakata tamaa.

Dawa ya hilo la mwisho ilikuwa ya siku hiyohiyo: programu sasa ikikosa jibu inangoja sekunde 2, kisha 4, kisha 8, na kila simu inaongeza muda wa kubahatisha juu yake ili zisirudi zote kwa pamoja. Meseji za malipo nazo zinatumwa kata kwa kata, si wanachama wote kwa mara moja. Hilo la meseji halikugharimu hata senti, na sijui kwa nini hakuna aliyelifanya miaka yote.

11 Machi: seva tatu, shida nyingine

Tumekodi seva mbili zaidi na kuweka kigawa-mzigo mbele yao. Gharama ya mwezi imepanda kwa takriban shilingi 150,000.

Jaribio la kwanza la mzigo liliangusha kanzidata badala ya seva. PostgreSQL, programu ya kanzidata tunayotumia, ikitoka kiwandani inakubali miunganisho 100. Kila seva yetu ilikuwa inafungua 50 na kuishikilia. Tatu mara hamsini ni mia na hamsini, na anayechelewa anafukuzwa mlangoni. Mawazo ya haraka yakawa kupandisha 100 iwe 400. Tukajaribu, kumbukumbu ikajaa, maana kwenye PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato wake kamili. Tukarudisha 100 na kuweka programu ya PgBouncer katikati, ikigawa muunganisho kwa kila muamala wa kanzidata.

Angalizo kwa mtakaoiga: katika hali hiyo, maulizo yaliyoandaliwa mapema yanavunjika, kwa sababu yaliandaliwa kwenye muunganisho mmoja na yanatekelezwa kwenye mwingine. PgBouncer toleo 1.21 la mwaka 2023 linayamudu, ila katika toleo hilo ni lazima uwashe mwenyewe max_prepared_statements. Sisi tuliweka 200.

2 Aprili: kihesabio cha makosa

Kanuni ya chama ni makosa matatu, akaunti inafungwa. Kihesabio kilikuwa ndani ya kumbukumbu ya seva. Seva ilipokuwa moja, sawa. Zilipokuwa tatu, kila moja ikawa na kihesabio chake, na mwizi akapata nafasi tisa bila kuomba. Kwa maneno mengine, kila seva tuliyoongeza ilikuwa inalegeza kufuli.

Tukahamishia kihesabio kwenye kanzidata moja, tukaona tumemaliza. Mwanafunzi wa field tuliyenaye kutoka chuoni akaomba ruhusa ya kujaribu kuivunja. Akaandika kijiprogramu kinachotuma namba arobaini tofauti kwa sekunde moja, zote kwa akaunti moja ya majaribio. Zote arobaini zilikaguliwa. Akaunti ilifungwa ndiyo, lakini baada ya ukaguzi kwisha.

Chanzo ni mpangilio wa hatua. Seva ilikuwa inasoma kihesabio, inakagua namba, halafu ikikuta kosa inaongeza moja. Maombi arobaini yakifika pamoja, yote yanasoma sifuri, yote yanaruhusiwa. Na kwa kuwa bcrypt inachukua robo sekunde, dirisha hilo ni pana kama geti la sokoni.

Marekebisho: ongeza kwanza, kagua baadaye. Amri moja ya UPDATE inapandisha kihesabio kwa sharti kwamba bado ni chini ya 3, na inarudisha thamani mpya. Isiporudisha kitu, ombi linakataliwa kabla ya kugusa namba ya siri. Namba ikiwa sahihi, kihesabio kinarudi sifuri. Dogo alirudia shambulio lake: tatu zilikaguliwa, thelathini na saba zikapigwa chini. Kama utachukua kitu kimoja kutoka kwenye shajara hii, chukua mpangilio huu wa hatua.

13 Mei: nyaya za baharini

Jana, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoumia. Leo asubuhi mwanachama aliyesimama dirishani kwa mhasibu, hatua chache kutoka kwenye rauta yetu, hakuweza kuingia. Simu yake ina mtandao wa ndani, ofisi ina mtandao wa ndani, lakini ruhusa ya kuingia inatoka Ulaya. Mtoa huduma wa meseji za uthibitisho naye mitambo yake iko nje, kwa hiyo hata waliofika kwenye ukurasa wa kwanza walingoja namba ambayo haikuja.

Mhasibu ameandika miamala kwa mkono kwenye daftari siku nzima, na kaandika vizuri kuliko mfumo.

Tulikuwa tumepanga kuongeza seva ya nne kulekule. Mpango huo umekufa. Huduma inarudi nyumbani. Ipo pia sababu ya kisheria ambayo tulikuwa tunaizungukazunguka: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti kwa taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi.

24 Juni: Moshi, Arusha, Dar

Kwa nini vituo vitatu na si viwili? Vikiwa viwili na njia kati yao ikikatika, kila kimoja kinadhani mwenzake amekufa. Ama vyote viwili vinaendelea kuidhinisha malipo, na fedha ileile inatoka mara mbili, ama vyote vinasimama. Vikiwa vitatu, upande wenye vituo viwili ndio wenye kura nyingi na unaendelea, aliyebaki peke yake ananyamaza.

Moshi tumeweka kompyuta ndogo mbili zilizotumika (1,800,000), inverta na betri zake (1,650,000). Arusha tumepata nafasi kwenye ofisi ya rafiki, Njiro, kwa kompyuta moja (900,000) na mchango wa umeme wa 40,000 kwa mwezi. Dar tumekodi seva ndogo ya kupiga kura na kutunza nakala. Kanzidata inasimamiwa na Patroni, programu inayopandisha kompyuta nyingine kuwa kiongozi ya kwanza ikianguka; kura zinahesabiwa na programu nyingine, etcd. Muamala unahesabika umekubaliwa pale tu unapoandikwa Moshi na Arusha kwa pamoja. Nakala ya Dar inafuata nyuma.

Kilichotushangaza ni umbali. Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi. Mwanga ndani ya faiba unakwenda na kurudi kwa chini ya milisekunde moja. Sisi tulipima 18 na zaidi, na jioni ilikuwa inapanda hadi 60. Tulipofuatilia njia ya pakiti tukaona inashuka Dar kwanza, inabadilishana mtoa huduma, ndipo inapanda Arusha. Zaidi ya kilomita elfu moja kwa ajili ya kumsalimia jirani. Tumehamisha ofisi ya Njiro kwa mtoa huduma yuleyule wa Moshi, na sasa tunapata milisekunde 4.

Kabla ya hapo etcd ilikuwa inabadilisha kiongozi kila jioni. Kwa kawaida yake inatuma mapigo (ishara kwamba kiongozi yu hai) kila milisekunde 100 na kutangaza uchaguzi mpya baada ya milisekunde 1,000 za ukimya. Mtandao ukikohoa kidogo, uchaguzi. Tumeweka 300 na 3,000. Kiongozi hajabadilika tangu hapo isipokuwa tunapomwangusha wenyewe kwa majaribio.

Meneja hakupenda jambo moja. Kituo cha Moshi kikitengwa na vyote viwili, kinakataa kuhamisha fedha, hata kama mwanachama na seva wako jengo moja. "Sasa tumenunua mashine ya nini?" Nikamweleza kwamba mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihesabu: mtandao ukigawanyika, huwezi kuwa na jibu moja sahihi kila mahali na wakati huohuo kumjibu kila anayeuliza. Kwenye salio tunajibu, kwenye kutoa fedha tunakataa. Amekubali, kwa shingo upande.

15 Julai: betri ya shilingi elfu mbili na mia tano

Umeme ulikatika usiku, inverta ya Njiro ikaisha chaji, kompyuta ikazima. Asubuhi ilipowaka iliamini ni mwaka 2015. Ilikubalika kwenye kundi kwa sababu kura za etcd hazitegemei saa ya ukutani, lakini kila tokeni (hati ya kidijitali yenye muda maalumu anayopewa aliyeingia) iliyotoka Moshi iliikataa kwa madai kwamba haijaanza kutumika. Wanachama waliopelekwa Moshi waliingia, waliopelekwa Njiro waliambiwa muda si sahihi. Namba za uthibitisho za wafanyakazi, zinazobadilika kila sekunde 30, nazo zilikataliwa zote.

Betri ya saa kwenye ubao-mama, CR2032, ilikuwa imekufa siku nyingi. Kompyuta iliyotumika huja na betri iliyotumika, hakuna anayekwambia. Tumenunua mpya kwa fundi saa, 2,500 kila moja, tumebadilisha kwenye mashine zote.

Ila betri peke yake si suluhisho. Tumeweka chrony, programu ya kulinganisha saa kupitia mtandao, kwenye kila mashine, na huduma yetu haianzi mpaka amri ya chronyc waitsync iseme saa imelingana. Saa ikipishana na wenzake kwa zaidi ya sekunde 2, mashine inajitoa kwenye kigawa-mzigo yenyewe. Tumeruhusu pia ulegevu wa sekunde 30 kwenye kusoma muda wa tokeni.

12 Agosti: namba nne, na baiti ya sifuri

Huu ndio mwezi ulionifanya nibadili mtazamo kuhusu bcrypt. Tulikuwa tunalipa robo sekunde kwa kila anayeingia tukiamini tunanunua usalama. Tarakimu nne ni namba 10,000 tu. Mwizi akipata kanzidata, namba 10,000 kwa robo sekunde ni sekunde 2,500, dakika 42 kwa mwanachama mmoja kwa kiini kimoja. Akikodi viini mia, wanachama wote elfu tisa wamekwisha ndani ya siku tatu. Na hapo hatujahesabu waliochagua 1234 au mwaka wa kuzaliwa, ambao ni wengi kuliko ninavyopenda kusema.

Kuna aliyependekeza Argon2, mshindi wa shindano la 2015 la kuhifadhi nywila. Ni chombo kizuri kwa nywila ndefu. Kwa tarakimu nne kingekula kumbukumbu za seva zetu bure.

Tulichofanya: namba ya siri, pamoja na namba ya uanachama, inapitishwa kwanza kwenye HMAC, hesabu inayochanganya taarifa na ufunguo wa siri, na ufunguo huo haumo kwenye kanzidata. Ufunguo uko kwenye mashine ndogo ya pembeni ambayo kazi yake ni hiyo tu, na ina kikomo cha maombi kwa sekunde. Aliyeiba kanzidata bila ufunguo hana cha kubahatisha. Tokeo la HMAC ndilo linaloingia bcrypt, sasa kwa gharama 8. Hiyo ni hatua nne chini, kazi mara 16 pungufu: kutoka milisekunde 250 hadi 16 hivi. Seva moja sasa inamudu watu 250 kwa sekunde.

Kabla ya kuitoa, dogo wa field aliandika jaribio linalopitisha namba zote 10,000 kwenye mamia ya akaunti za majaribio, akaliacha usiku kucha. Asubuhi akaja na kompyuta mkononi. "Kaka, hii akaunti inafunguka kwa namba karibu arobaini."

Tulidhani jaribio ndilo bovu. Tukachukua namba mbili tu kwa mkono, zote zikaingia. HMAC inatoa baiti 32 ghafi (kila baiti ni namba kati ya 0 na 255), na mojawapo inaweza kuwa sifuri. Maktaba ya bcrypt tuliyokuwa nayo, toleo la zamani, inasoma hadi ikutane na baiti ya sifuri na kuishia hapo, kama ilivyo desturi ya lugha ya C. Tokeo likianza na sifuri, bcrypt inaona maandishi yasiyo na herufi hata moja. Kati ya namba 10,000, kama 39 zinaanza hivyo, na kwa bcrypt zote ni namba moja. Mwanachama mmoja kati ya kila 256 angekuwa na mlango wa namna hiyo.

Dawa: geuza baiti kuwa maandishi ya base64 kabla ya kuziingiza. Zinakuwa herufi 44, chini ya kikomo cha bcrypt cha baiti 72. Tukapandisha na toleo la maktaba. Jaribio la dogo limerudiwa, kila akaunti inafunguka kwa namba moja, na sasa linaendeshwa kila tunapobadilisha kitu.

Wanachama wanahamishwa mmoja mmoja wanapoingia, kwa kuwa hapo ndipo namba yao inapopatikana. Safu moja ya kanzidata inasema nani yuko kwenye mtindo upi.

9 Septemba: tokeni

Awali, aliyeingia alipewa tokeni ya dakika 15 na kwa muda huo aliweza kufanya lolote. Kila seva inaithibitisha yenyewe kwa ufunguo wa wazi, pacha wa ule wa siri uliosaini tokeni, bila kuuliza kanzidata, na ndiyo sababu inakwenda kasi. Mhasibu aliposikia akauliza: "Mtu akiibiwa simu stendi saa nne, akanipigia, nikaifunga akaunti saa nne na dakika moja, mwizi anaendelea mpaka saa ngapi?" Nikamwambia inaweza kufika saa nne na robo. "Basi sijafunga kitu, baba."

Tangu hapo tumegawa kazi mbili zilizokuwa zimechanganywa. Kuona salio na taarifa: tokeni inatosha, seva yoyote inajibu papo hapo. Kutoa au kuhamisha fedha: namba ya siri inaulizwa upya, na kanzidata yenye kura nyingi ndiyo inayosema ndiyo. Maombi mengi ya siku ya malipo ni ya kutazama salio tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo haifiki kabisa kwenye kanzidata kiongozi. Kila ombi la fedha linabeba namba ya kipekee inayotengenezwa na simu kabla ya kutuma. Ikirudi mara ya pili, jibu la kwanza linarudishwa na fedha haitoki tena.

Kubadilisha ufunguo wa kusainia kulitusumbua asubuhi moja. Tulianza kusaini kwa ufunguo mpya wakati seva nyingine bado zina wa zamani kwenye kache (hifadhi yao ya muda), zikakataa tokeni halali mpaka kache ilipoisha. Utaratibu sasa: tangaza ufunguo wa wazi mpya, ngoja muda unaozidi ule wa kache, anza kusainia, na wa zamani usiufute hadi tokeni yake ya mwisho ife.

Maisha ya tokeni ni kati ya dakika 4 na 6, yanachaguliwa kwa bahati nasibu. Yakiwa sawa kwa wote, walioingia pamoja watarudi pamoja.

18 Oktoba: siku ya malipo

Meseji zilianza kutoka saa tatu asubuhi, kata kwa kata. Kilele kilifika maombi ya kuingia 70 na kitu kwa sekunde. Saa tano kasoro tuliing'oa waya ya mtandao kompyuta moja ya Moshi makusudi, meneja akiwa pembeni ameshika kichwa. Ilikuwa ndiyo kiongozi. Salio ziliendelea kuonekana. Fedha zilisimama kwa sekunde 30 hivi mpaka Patroni ilipompandisha mwingine, kisha zikaendelea. Hakuna muamala uliojirudia.

Kilichochelewa ni meseji za uthibitisho kwa waliobadilisha simu. Nyingine zilifika baada ya dakika kumi, na namba yetu inakufa baada ya tano. Kwa sasa mwenye simu mpya anaweza kuthibitishwa dirishani kwa kitambulisho cha NIDA. Si njia ninayoipenda kwa mtu wa kutoka Kibosho juu.

11 Novemba: gharama na kinachoendelea

Vifaa, pamoja na betri, waya na rauta ya Njiro: shilingi 4,700,000 hivi. Kila mwezi: mitandao miwili, seva ya Dar na umeme wa Njiro, 410,000. Seva za Ulaya zimefungwa zote. Meseji ni karibu shilingi 20 moja, na hizo ndizo sasa zinazokula zaidi kuliko mashine.

Bado wapo wanachama wapatao elfu moja na mia mbili ambao hawajaingia tangu Agosti, na namba zao ziko kwenye bcrypt tupu. Hatutawangoja. Tokeo lao la zamani tutalipitisha kwenye HMAC lilivyo, na atakayeingia baadaye atahamishwa kikamilifu. Ufunguo wa HMAC wenyewe umepewa namba ya toleo kwenye kila akaunti, ili siku ukibidi kubadilishwa wa zamani na mpya viishi pamoja. Zoezi hilo tunalifanya kwa akaunti za wafanyakazi kwanza, baada ya malipo ya Desemba.